Si Kila Mwamba ni Ghala



Mvua ikinyesha Busasamana, maji hayakai juu ya ardhi. Sekta hiyo ya wilaya ya Rubavu, iliyo mpakani na Kongo chini ya safu ya milima ya Virunga, ina udongo mweusi wenye rutuba unaojulikana kwa viazi vyake. Lakini mito ni adimu. Chini ya udongo huo yamelala mawe yaliyotapikwa na volkano, yaliyojaa nyufa na matundu, na mvua hupenya humo na kupotea kama maji yaliyomwagwa juu ya ungo. Mkulima wa huko hahitaji kwenda chuo kikuu ili ajue kwamba jiwe lake halishiki kitu.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa sasa, kwa maana miaka hii limeenea duniani wazo la kuzika hewa ndani ya mawe. Hewa yenyewe ni hewa ya ukaa, au kwa jina la wataalamu kaboni dayoksaidi, ile itokayo katika moshi wa viwanda, mitambo ya umeme na magari. Mataifa yenye viwanda vingi yameijaza anga kwa hewa hiyo kwa zaidi ya miaka 150, dunia ikazidi kupata joto, na sasa yanatafuta mahali pa kuificha. Wazo hilo limekwisha kufika Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya, kampuni ya Octavia Carbon ya Nairobi, ikishirikiana na kampuni ya Cella ya Marekani, ilitangaza mpango wa kuinyonya hewa ya ukaa kutoka angani na kuisukuma ndani ya mawe ya volkano huko Gilgil, katika Bonde la Ufa.

Rubavu nayo imo katika Bonde la Ufa, katika tawi lake la magharibi, na mawe ya volkano yamejaa tele. Basi mtu anaweza kuuliza: likiwezekana Gilgil, kwa nini lisiwezekane Busasamana? Swali hili ni vyema lijibiwe mapema, kabla mtambo wa kwanza haujashushwa kutoka garini. Nalo linawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu hewa iliyozikwa ikipata njia ya kutoka, anayeitwa usiku kwenda kuwatoa watu si mtaalamu wa miamba. Ni askari wa zamu.

Kwanza yafaa kuelewa kazi yenyewe inavyofanyika. Njia iliyozoeleka zaidi ni ile ya Wanorwe. Tangu mwaka 1996, katika kisima cha gesi kiitwacho Sleipner, katikati ya Bahari ya Kaskazini, wamekuwa wakiisukuma hewa ya ukaa chini ya sakafu ya bahari, kwa kipindi kirefu kiasi cha tani milioni moja kila mwaka. Huko chini kuna tabaka nene la mawe ya mchanga, yenye vitundu vidogo vilivyojaa maji ya chumvi. Hewa huingia katika vitundu hivyo na kuyasukuma maji kando. Juu ya mawe ya mchanga limelala tabaka la mfinyanzi uliogeuka jiwe, lisilopitisha hewa wala maji. Tabaka hilo ndilo kifuniko. Bila kifuniko hakuna ghala, kuna shimo tu.

Kina nacho kina sababu yake. Hewa ya ukaa ikibanwa vya kutosha, kiasi cha mara 74 ya mbano wa hewa ya kawaida, na joto likapita nyuzi 31, hugeuka kuwa nzito karibu kama maji huku ikipita mawe kwa wepesi wa hewa. Hali hiyo hupatikana kuanzia mita 800 hivi chini ya ardhi. Pale juu ya kina hicho, tani ile ile moja huhitaji nafasi kubwa mno, na haishi kutafuta njia ya kupanda. Kwa hiyo jiwe zuri lililo mita 200 chini ya ardhi halina faida kwa njia hii, hata likiwa na matundu kiasi gani.

Njia ya pili ni ya Waisilandi, na ndiyo iliyowavutia watu wa Bonde la Ufa. Penye mtambo wa umeme wa mvuke wa Hellisheiði, mwaka 2012, wahandisi wa mradi wa Carbfix waliichanganya hewa ya ukaa na maji, kama vile soda inavyotengenezwa, wakaisukuma katika mawe meusi ya basalti. Maji hayo yenye ukali huiyeyusha chokaa iliyo ndani ya jiwe, nayo chokaa hushikana na hewa na kugeuka jiwe jipya jeupe. Mwaka 2016 walitoa taarifa kwamba zaidi ya asilimia 95 ya hewa waliyoizika katika jaribio hilo ilikuwa imegeuka jiwe katika muda usiozidi miaka miwili. Wataalamu wengi walikuwa wakitazamia mamia ya miaka. Hiyo ni kazi ya kusifiwa, na hapana sababu ya kuipunguza.

Lakini msikilizaji aangalie gharama yake moja ambayo haitajwi sana katika hotuba. Kila tani moja ya hewa ilihitaji maji kiasi cha tani 25. Isilandi ni kisiwa chenye mvua, theluji na maji ya ardhini kupita mahitaji ya watu wake wachache. Ukiuleta mpango huo kwenye mawe ya Busasamana, ambako akina mama wanahesabu madumu, kila tani ya hewa itakuwa inashindana na madumu zaidi ya elfu moja ya lita 20. Anayetaka kuukubali mwamba ni lazima kwanza aseme maji yatatoka wapi, na yakishatiwa hewa ya ukaa yataelekea wapi, maana huko chini ndiko ziliko chemchemi ambazo watu wa mabondeni wanazinywa.

Kisha yaja maswali ya mwamba wenyewe. Mawe ya Nyiragongo na Nyamulagira yana chokaa na madini mengine yanayoweza kuishika hewa ya ukaa. Kwa upande huo yanafanana na basalti ya Isilandi, na mtu akiyapima katika maabara atarudi na matokeo ya kupendeza. Kasoro ni kwamba ghala si jiwe la maabara. Ghala ni kilomita za mraba za ardhi, na katika ardhi hiyo lava ya leo imelala juu ya lava ya jana, na katikati yake mna majivu, mapango na mianya iliyoachwa lava ilipopoa na kunywea. Pango la Musanze, ambalo watalii hulitembelea, lilitokana na lava kupita chini ya gamba lake lenyewe na kuacha njia tupu. Aliyeona pango hilo ataelewa kwa nini mtu hawezi kuchora kwa kalamu mahali hewa itakapopita.

Zaidi ya hayo, ardhi ya huko haijatulia. Bonde la Ufa linaendelea kupanuka. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, ufa ukashuka kusini kuelekea Goma, lava ikateketeza sehemu kubwa ya mji na kuingia ziwani, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakivuka kuingia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukapasuka tena. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, lakini mitetemeko iliendelea kwa siku kadhaa, nyumba za Rubavu zikapasuka kuta, na tarehe 27 Mei sehemu ya mji wa Goma ikaamriwa kuhama. Askari wa zamu wa siku zile wanakumbuka foleni za watu waliobeba magodoro mpakani. Mahali ambapo ardhi hupasuka mara mbili katika miaka ishirini si mahali pa kusema kwamba kifuniko kitadumu miaka elfu moja, nayo miaka elfu moja ni hesabu wanayoitaja mara nyingi wenye mipango hii.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni mambo ya juu, na kwamba ukichimba vya kutosha utaupata mwamba mkongwe uliotulia. Huenda. Lakini Rwanda imekwisha kujifunza thamani ya neno hilo "huenda". Mwaka 2013 ulichimbwa mlimani Karisimbi, jirani na Rubavu, kisima cha kutafuta mvuke wa kuendeshea mitambo ya umeme. Kilishuka kiasi cha mita 3,000. Juu ya ardhi kulikuwa na dalili, kulikuwa na volkano iliyo wazi machoni pa kila mtu, na vipimo vya awali vilitia moyo. Chini hapakuonekana joto lililotarajiwa, na mradi ukaachwa. Mamilioni ya dola yalikwenda katika tundu hilo. Waliochimba hawakuwa wajinga. Ni kwamba mwamba hauonekani mpaka utobolewe, na tundu moja halisemi habari za kilomita inayofuata. Ukaguzi wa ghala la hewa hautosheki na kisima kimoja, unahitaji visima kadhaa, na kila kisima nacho, kisipozibwa kwa saruji nzuri, huwa ni njia mpya ya hewa kutorokea.

Afrika ina mfano wake mwingine, mkubwa zaidi, na unastahili kujulikana. Huko In Salah, katika jangwa la Algeria, makampuni ya gesi yalianza mwaka 2004 kuizika hewa ya ukaa katika mawe ya mchanga yaliyo karibu mita 1,900 chini ya ardhi. Hapakuwa na volkano, wala mji, wala ziwa. Kifuniko kilikuwa kinene. Katika miaka michache satelaiti zikaanza kuonyesha kwamba uso wa jangwa unainuka, milimita chache kila mwaka, juu ya visima vya kusukumia hewa. Wataalamu wakaingia wasiwasi kwamba mbano umeanza kupanua nyufa katika sehemu ya chini ya kifuniko, na mwaka 2011 kazi ikasimamishwa, zikiwa zimezikwa tani karibu milioni nne. Hakuna aliyedhurika, na hewa haikuonekana kufika juu kutoka humo. Jambo la kupendeza katika habari hiyo ni kwamba walipima, wakaona, wakasimama. Jambo la kutia shaka ni kwamba waligundua baada ya kuanza.

Sasa mazungumzo haya yafike penye ugumu mkubwa wa Rubavu, ambao hauko Algeria wala Norwe. Mwenye ghala lazima aweze kujua kwamba hewa yake inavuja. Katika jangwa tulivu, hewa ya ukaa ikiongezeka udongoni, sababu ni moja. Katika ardhi ya Virunga hewa ya ukaa inatoka yenyewe, usiku na mchana, kutoka katika tumbo la volkano, kupitia nyufa zile zile. Ni sawa na askari aliyepewa kulinda kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuwahesabu watu wake: akitoweka mtu mmoja, au akiingia mgeni mmoja, atajuaje? Kabla ya kuingiza hata kilo moja ingebidi ardhi ipimwe mwaka baada ya mwaka, kiangazi na masika, ili ijulikane kawaida yake ni ipi. Kwa vipimo vya kitaalamu hewa ya volkano yaweza kutofautishwa na hewa ya kiwandani, lakini kazi hiyo ni ya maabara, nayo huchukua muda. Aliyelala bondeni hana muda huo.

Watu wa Goma na Sake wanaijua hewa hiyo ya asili kwa jina lao wenyewe. Wanaiita mazuku, upepo mbaya. Katika mashimo na mabonde madogo ya mawe ya lava, hasa upande wa kaskazini wa ziwa Kivu magharibi ya mji wa Goma, hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutuama. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini kama maji katika karai. Haina rangi, na harufu yake haiwezi kutegemewa. Usiku, upepo ukitulia na baridi ikishuka, hujaa. Asubuhi na mapema huwa katika hali yake ya hatari kabisa, na jua likipanda na upepo ukavuma hupungua. Wamekufa humo mbuzi na mbwa, wamekufa watoto waliotumwa kuni, na wamekufa wakimbizi waliotafuta mahali palipojificha upepo wapate kulala.

Askari ni mtu anayetafuta mahali palipojificha. Anafundishwa kujiweka chini, kutumia bonde, kuchimba handaki, kulala kifudifudi. Katika ardhi ya mazuku mafunzo hayo mema yanaweza kumwua. Hewa ya kawaida ina hewa ya ukaa asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia tatu mtu huhema kama aliyepanda mlima. Ikifika kumi, kichwa kinamzunguka na fahamu humtoka katika dakika chache. Ikipita ishirini au thelathini, huanguka baada ya kuvuta pumzi mara chache, hana nafasi hata ya kupiga kelele. Katika baadhi ya mazuku vipimo vimepita viwango hivyo vyote.

Yako mambo mawili yanayokosewa mara nyingi. La kwanza ni barakoa ya gesi. Barakoa ya kawaida ya jeshi huchuja sumu kwa mkaa wake, lakini haitengenezi hewa ya kupumua, na dhidi ya hewa ya ukaa haimfai mvaaji kitu. Anayeingia kuokoa hana budi kubeba mtungi wake wa hewa mgongoni. La pili ni taa au kibiriti. Ni kweli kwamba moto huzimika penye hewa ya ukaa nyingi, na wazee wameokoka kwa kuona koroboi inazimika. Lakini mwili wa mtu huanza kudhurika kabla mwali haujazimika, kwa hiyo moto unaowaka si cheti cha usalama. Kipima hewa kidogo cha mkononi ndicho cha kuaminiwa. Na mwenzako akianguka bondeni, ukimfuata mikono mitupu mtakuwa wawili. Vifo vingi vya mazuku, na vya mashimo ya vyoo na visima vilevile, ni vya mtu wa pili na wa tatu.

Upande wa kusini wa Rubavu kuna ghala jingine la hewa, kubwa kuliko yote yaliyojengwa na wanadamu, nalo hakulijenga mtu. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, na katika maji yake ya chini mmeyeyuka hewa ya ukaa inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, pamoja na kilomita za ujazo 60 hivi za methani. Ukiigeuza hiyo hewa ya ukaa kuwa uzito, inakaribia tani milioni 600. Wanorwe wa Sleipner, kwa kasi ile ya tani milioni moja kwa mwaka, wangehitaji karne sita kuijaza. Inakaa huko kwa sababu maji ya chini ni mazito kwa chumvi na kwa hewa yenyewe, hayachanganyiki na ya juu, na uzito wa maji ya juu unaikandamiza. Kifuniko cha ghala hilo ni maji.

Ni vizuri kusema wazi kwamba vipimo vinaonyesha maji hayo hayajafikia kikomo cha kushiba, na lava iliyoingia ziwani mwaka 2002 haikuyatibua. Hapana sababu ya hofu ya kila siku. Hata hivyo kila mtu anayeishi kando ya Kivu anapaswa kujua jina la ziwa Nyos. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa hilo dogo la Kamerun lilitapika hewa yake ya ukaa, nayo ikashuka mabondeni kama mafuriko yasiyoonekana, ikaua watu wapatao 1,700 na maelfu ya mifugo, wengine wakiwa mbali hadi kilomita 25. Miaka miwili kabla, Agosti 1984, ziwa Monoun katika nchi hiyo hiyo liliua watu 37. Kivu ni kubwa kuliko Nyos kwa maelfu ya mara, na kandokando yake wanaishi watu wapatao milioni mbili.

Rwanda imelitumia ghala hilo kwa busara. Tangu mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona ulikuwa ukitoa methani ya kuchemshia mitungi ya kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt ulizinduliwa Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, na baadaye ukafuata ule wa Shema Power huko Rubavu, uliojengwa kwa megawati 56. Methani hutolewa, na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hurudishwa ziwani pamoja na maji, kwa kina kilichowekwa kwa kanuni, ili tabaka za maji zisivurugwe. Hapo ndipo ilipo shule ya kweli ya jambo hili: nchi imekubali kuichezea hewa iliyolala baada ya kuweka kanuni ya kina na kuteua watu wa kulipima ziwa mwaka hadi mwaka. Mwamba haupaswi kudaiwa masharti madogo kuliko maji.

Wapo watakaosema kwamba habari za Nyos ni za asili na hazina uhusiano na mitambo ya kisasa. Na watazame basi Marekani. Tarehe 22 Februari 2020, karibu na kijiji cha Satartia katika jimbo la Mississippi, mvua nyingi ziliporomosha kilima na kukata bomba lililokuwa likisafirisha hewa ya ukaa. Wingu jeupe lilishuka kijijini. Watu wapatao 200 walihamishwa, 45 wakapelekwa hospitali. Hakuna aliyekufa, na sifa zake ni za waokoaji wa pale. Lakini askari wa polisi wasikilize hili: magari yalizimika barabarani. Injini, kama mtu, huhitaji hewa safi ili ifanye kazi, na gari lililoingia katika wingu lilisimama papo hapo. Waokoaji wa mwanzo hawakujua wanakutana na hewa gani, maana ilionekana kama gesi ya aina nyingine. Haya yalitokea katika nchi yenye barabara za lami, simu kila mfukoni na hospitali za karibu.

Barabara nyingi za vijiji vya Rubavu hupanda na kushuka katika mabonde. Mvua zake huporomosha vilima, kama ilivyoshuhudiwa Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya magharibi na kaskazini ya Rwanda, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Bomba la hewa ya ukaa likipita katika vilima hivyo, hatari ya Satartia inakuwa imeletwa mlangoni, hata kama mwamba wenyewe wa chini ni imara kama chuma. Wenye kukagua miamba mara nyingi hukagua mwamba tu.

Na hewa yenyewe ingetoka wapi? Hilo ni swali la haki, wala si la uchokozi. Rwanda ina moshi mdogo mno kwa hesabu ya dunia. Ina kiwanda cha saruji huko Bugarama, ina mitambo ya methani na ya nyasi za kinamasi zilizoganda, na magari ya Kigali. Hivyo vyote pamoja havidai ghala kubwa ardhini. Ghala likijengwa katika Bonde la Ufa, mizigo mingi itakayowekwa humo itakuwa imelipiwa na wenye moshi wa mbali, ambao watanunua vyeti vya kuonyesha kwamba wamesafisha kiasi fulani cha anga. Si jambo baya nchi kupata fedha kwa huduma halali, na Kenya, yenye umeme wa mvuke wa Olkaria na basalti ya kutosha, ina haki ya kujaribu bahati yake. Lakini mwenye mzigo huondoka na cheti, na mwenye ardhi hubaki na mzigo. Mkataba usiosema nani atalinda, nani atapima na nani atalipa baada ya miaka hamsini, kampuni ikiwa imekwisha kufunga ofisi, ni mkataba wa upande mmoja.

Kwa vipimo vilivyokwisha kutajwa, jibu la Busasamana halina utata mkubwa. Jiwe lake la juu lina kiu ya hewa ya ukaa lakini halina kifuniko. Ufa uko karibu. Maji ni haba. Hewa ya asili ingeficha kila mvujo. Chini yake hakujulikani, na Karisimbi imeonyesha bei ya kutojua. Mtaalamu atakayekuja na mkoba wa vipimo apokelewe kwa heshima na apewe mtu wa kumwongoza njia, kwa maana kila kinachojulikana juu ya ardhi ile kina faida, hata kwa ajili ya kutafuta maji na kutabiri mlima. Akija na bomba, huyo aulizwe kwanza.

Na katika karatasi zake, pamoja na michoro ya tabaka na nyufa, iwemo orodha ya vitu vichache ambavyo wakaguzi wa miamba hawana mazoea ya kuviandika: kituo cha polisi kilicho karibu kina vipima hewa vingapi, mitungi ya kupumulia iko wapi na nani amefundishwa kuivaa, kengele itapigwa na nani usiku, na watu wa mabondeni watapandishwa kilima kipi, kwa miguu, magari yakiwa yamezimika.